Udongo Mweupe kwa Pumzi ya Baba

Jumamosi, 6 Januari

Mvua tangu alfajiri, na taa ya mashine imegeuka njano.

Nianze na hiyo taa, maana ndiyo mwenye nyumba siku hizi. Mimi Recheli ni mpangaji tu. Mashine ya oksijeni ya Baba ina taa tatu. Ya kijani inasema oksijeni inatosha. Ya njano inasema inapungua. Nyekundu, ya kusema haipo tena, sijawahi kuiona na sina hamu ya kufahamiana nayo. Baba alikausha tumbaku Ipole tangu ujana wake, akilala mlangoni mwa bani, lile banda la kukaushia majani kwa moto, msimu baada ya msimu ili moto usizime, na moshi wa kuni ukamla mapafu polepole. Mwaka jana mdogo wake, baba mdogo Wilbroad, alimleta hapa mjini, kwangu Mtendeni, akiwa hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika. Hospitali walimtibu, wakasema mtu mwenye mapafu ya namna hii anahitaji oksijeni nyumbani, kila siku, maisha yake yote. Wazee wa kanisa wakatutafutia mashine hii, iliyokwisha kutumika kwingine. Tulishukuru sana, na bado nashukuru.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasema asilimia themanini na tisa. Baba anasema yeye haoni tofauti yoyote. Baba ni mwongo mwenye adabu.

Jumatatu, 8 Januari

Shule zimefunguliwa. Kidato cha Tatu wamesahau kemia yote niliyowafundisha, kwa umoja na mshikamano.

Alhamisi, 11 Januari

Uwesu, fundi friji wa nyumba ya pili, amekuja kuifungua mashine. Ni mtu wa maneno mengi. Kabla hajagusa skrubu ya kwanza nilikwishajua habari za friji zote za mjini na tabia za wenyewe. Lakini mama yake, Bi Mwanamkuu, ndiye anayekaa na Baba ninapokuwa shuleni, kwa hiyo nilivumilia.

Ndani kuna mitungi miwili iliyojaa punje nyeupe, ndogo kama ulezi. Nilizijua mara moja ingawa sikuwahi kuziona kwa macho. Ni zeolaiti. Kila punje imejaa vyumba vidogo mno, na hewa inaposukumwa humo vyumba hivyo vinanasa naitrojeni na kuiacha oksijeni ipite kwenda puani kwa Baba. Adui yake ni unyevu. Zeolaiti hupenda maji kuliko kitu chochote, na ikishayanywa haina nafasi ya kunasa kingine. Sisi tuna mvua tangu Novemba, na umeme unaokatika karibu kila siku. Kila unapokatika, mashine inakaa kimya huku unyevu ukijiingilia.

Baba akawekewa mtungi mdogo wa oksijeni wa kuazima. Sisi tukazimwaga punje kwenye sinia na kuzikaanga juu ya mkaa mpaka zikakauka kabisa, tukazirudisha. Jioni taa ikawa kijani. Uwesu alinikabidhi bisibisi nimshikie akacheza kidogo pale pale sebuleni, na Baba akampigia makofi.

Jumamosi, 13 Januari

Kijani. Baba amekula wali akanisema kwa kuzidisha chumvi.

Jumatano, 24 Januari

Njano tena. Uwesu amefungua, na safari hii hakusema kitu, jambo lililonitisha kuliko taa yenyewe. Punje zimeanza kusagika. Tukizikaanga mara nyingine zitakuwa unga mtupu na kuziba njia ya hewa.

Nimepiga simu duka la vifaa Dar es Salaam. Mashine ya aina hii haitengenezwi tena. Mitungi yake inaweza kuagizwa nje, ikipatikana, labda Mei. Kijana aliyenijibu alikuwa mpole sana na aliniombea Baba apone. Ningependa angekuwa jeuri, nipate wa kumkasirikia.

Jumapili, 28 Januari

Kanisani leo sikusikia mahubiri. Nilikuwa nawaza udongo.

Zeolaiti inaweza kutengenezwa. Tulifundishwa chuoni. Unachukua udongo mweupe, ule safi, unauchoma mpaka maji yaliyofungwa ndani ya umbo lake yatoke. Unauzamisha kwenye maji makali ya kostiki, hii hii wanayopikia sabuni, kisha unauweka kwenye joto lisiloyumba. Kostiki inaubomoa udongo vipande vipande, na katika lile joto vipande vinajipanga upya, taratibu, vikiacha vyumba vitupu katikati. Kwenye kitabu ilichukua mistari minne. Nilipomweleza Baba alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kama haya ndiyo tunayowafundisha watoto wa watu badala ya kilimo.

Lakini aliuliza pia itachukua muda gani.

Jumamosi, 3 Februari

Nimekwenda Bukene na kurudi. Karibu na stesheni wanawake wanauza udongo mweupe uliokandwa vipande vipande, ule wanaoutafuna wajawazito. Nilipotaka ndoo mbili zilizojaa, muuzaji alinitazama tumbo kwa muda mrefu, akaniuliza kwa heshima kama ni mapacha. Nikasema ni baba yangu. Sijui alielewa nini, ila aliniongezea vipande viwili.

Nyumbani Baba alikata kipande akakionja. Akasema wapagazi wa Kinyamwezi walipita hapa na pembe za ndovu mabegani kutoka Ujiji mpaka pwani, na yeye mjukuu wao anashindwa kufika chooni. Tulicheka wote, naye kicheko kikamgharimu. Nilimpandishia mito, nikakaa nikimsugua mgongo mpaka midomo iliporudia rangi yake.

Jumamosi, 10 Februari

Uwesu ana jamaa anayeyeyusha vyuma chakavu na kufua sufuria. Tuliutia udongo kwenye chungu, tukauchoma katika tanuru lake hadi chungu kikawa chekundu, tukauacha humo mpaka alasiri. Ulitoka mwepesi, mkavu, bila harufu ya mvua.

Jumatano, 14 Februari

Jaribio la kwanza limekufa. Niliweka kopo la plastiki lenye udongo na kostiki ndani ya sufuria ya maji, juu ya jiko la mkaa. Joto linapanda, linashuka. Niliondoka kwenda kufundisha maji yakitokota, nilirudi yamepoa. Kilichobaki ni tope. Joto lisiloyumba kwa siku nzima au mbili, hicho tu ndicho ninachohitaji, na katika mji huu wote sikioni.

Alhamisi, 15 Februari

Bani.

Nimelia kwa kucheka peke yangu kwenye maabara ya shule, mbele ya mifupa ya plastiki. Nimezaliwa mlangoni mwa kile ninachokitafuta. Tumbaku ikishaiva rangi, hatua ya mwisho ni kukausha vikonyo: joto linapandishwa juu kabisa na kushikiliwa hapo, usiku na mchana, na mtu wa kuchochea halali. Hakuna tanuru linaloshikilia joto kama hilo kutoka hapa mpaka Mwanza.

Ubaya ni kwamba itanibidi nimwombe baba mdogo Wilbroad. Sijasema naye vizuri tangu alipomleta Baba. Nilimwambia siku ile, mbele ya watu, kwamba tumbaku imemmaliza kaka yake naye bado anaipanda. Alichukua kofia yake akaondoka.

Jumamosi, 17 Februari

Ipole. Baba mdogo amezeeka. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku akitazama kopo langu. Nilieleza yote, vyumba, naitrojeni, kostiki. Alichouliza ni kimoja tu, kama litanuka likachafua jani. Nikasema hapana. Akalichukua kwa mikono miwili, akaingia nalo bani, akalitundika juu ya bomba la moto, chini ya safu za majani. Nilimwomba alitoe vikonyo vikikauka, lisizidi hapo.

Tulipokuwa tunaagana aliniambia nimsalimie kaka yake. Sauti yake ilikatika kwenye neno "kaka", nami nikajifanya natafuta mwavuli.

Alhamisi, 22 Februari

Kopo limekuja kutoka Ipole na basi la Sikonge. Nimeosha unga mara nyingi, nimeukausha, nimeukaanga. Kuna kipimo kimoja kisichohitaji mashine: zeolaiti ya kweli ikiwa kavu kabisa, ukiitia maji inatoa joto, kwa jinsi inavyoyarukia. Niliweka unga kiganjani, nikadondosha matone ya maji.

Ulipata moto. Jamani, ulipata moto mpaka nikahamisha mkono.

Bi Mwanamkuu alijaribu, akasema Subhanallah. Uwesu alijaribu mara nne. Baba nilimwekea yeye wa mwisho. Aliukumbatia ule unga ndani ya ngumi, akafumba macho, akasema, "Hiki kitu kina homa." Kisha akakataa kunirudishia.

Jumatatu, 26 Februari

Ule ulikuwa kijiko tu. Mitungi miwili inataka ndoo. Baada ya hapo nibadilishe sodiamu iliyomo kwa kalsiamu ili unase naitrojeni vizuri, niufinyange uwe punje, niukaange upya. Nimepiga hesabu ya kazi na nimefurahi. Ninajua kila hatua. Miezi yote hii sikuwa na hatua hata moja.

Jumamosi, 2 Machi

Baba amelazwa tangu Jumatano. Homa ya mapafu.

Alhamisi, 7 Machi

Ametoka. Daktari, binti mdogo ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu, alinivuta pembeni akasema niwe tayari. Nikamwambia nitakuwa tayari mwisho wa mwezi, mashine ikishapona. Alinitazama kwa huruma. Sikuipenda ile huruma.

Jumamosi, 9 Machi

Ndoo tatu za udongo na kostiki, zenye mifuniko, zimefika Ipole. Baba mdogo anasema hili ndilo bani la mwisho la msimu, shamba limebaki mabua. Amezipanga kabla ya kupandisha jani lake, na kuacha nafasi ambayo angetundika fito za tumbaku. Nilimkumbusha: vikonyo vikikauka, toa, usichelewe. Zeolaiti ikikaa kwenye joto na kostiki kupita kiasi haibaki zeolaiti. Inaendelea kujipanga, inajibana, vyumba vinakuwa vidogo mno na havinasi hewa tena. Inakuwa jiwe jingine linaloitwa sodalaiti.

"Jumamosi ijayo nitazitoa mimi mwenyewe," alisema, "na Jumapili utazipata kabla ya ibada."

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Njano.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Maji yamepita juu ya daraja, mabasi ya Sikonge hayaendi. Baba analala akiwa amekaa.

Jumapili, 17 Machi

Hakuna ndoo. Simu ya baba mdogo haipatikani. Nimepiga kabla ya ibada, baada ya ibada, na katikati ya wimbo nikiwa nimejibanza nje kwenye mchirizi. Uwesu alijitolea kwenda kwa pikipiki, akarudi ameloa mpaka kwenye mifuko. Maji yalikuwa yanafika kwenye kiti. Aliomba radhi kana kwamba mto ni wake. Nilikuwa namwona mpayukaji tu, huyu.

Jumatatu, 18 Machi

Hakuna habari. Nimefundisha asidi na besi. Nilipofika kwenye neno kostiki nililiandika ubaoni mara mbili, na darasa zima likanakili.

Jumatano, 20 Machi

Baba mdogo amefika na ndoo zote tatu, amezishusha mwenyewe kutoka kwenye lori la mkaa, la kwanza kuvuka. Amenyoa nywele. Mama mkwe wake alifariki Alhamisi, naye akaondoka na mkewe usiku uleule kwenda mazishini, ng'ambo ya mto, wakazuiwa huko na maji. Simu ilizima, hapakuwa na umeme wa kuichaji.

Na moto? Niliuliza kabla hata ya kumpa pole, Mungu anisamehe.

Akaniambia, tena kwa fahari ya mtu anayeleta habari njema, kwamba majirani waliushika. Ndivyo wanavyofanya Ipole. Mtu akifiwa moto ungali bani, jirani hawangoji kuambiwa, wanagawana zamu na kuchochea kwa kuni zao wenyewe. Mlango hawaufungui, maana jani la mfiwa hutolewa na mwenyewe. Na kwa kuwa mvua ilikuwa kubwa na jani likipoa hunywa unyevu, jirani yake Emilian na wanawe walizidisha kuni. Hawakulala. Walichochea mpaka jana, aliporudi.

Nilitazama ndoo. Nje zilikuwa safi. Alikuwa amezifuta matope. Nikampa pole ya msiba, nikamtengea chakula.

Alhamisi, 21 Machi

Nimeosha, nimekausha, nimekaanga. Unga ni mweupe vilevile, laini vilevile. Kwa macho hakuna tofauti yoyote na ule wa Februari. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, baba mdogo akiwa amesimama karibu yangu, Uwesu na mama yake upande wa pili. Nilidondosha maji kiganjani.

Baridi.

Nikajaribu ndoo ya pili. Nikajaribu ya tatu, kutoka juu, kutoka katikati, kutoka chini. Baridi, baridi, baridi. Ulikuwa unga uliolowana na maji ya kisima, basi. Baba mdogo hajasoma kemia, lakini Bi Mwanamkuu alikwisha kumsimulia namna ule wa kwanza ulivyopata moto. Alikuwa anautazama mkono wangu.

"Umeharibika?" akauliza.

Nilitaka kusema ndiyo. Nilitaka kupiga kelele mtaa mzima usikie. Lakini kwa nani? Kwa marehemu? Kwa Emilian na wanawe, waliokesha kwenye mvua wakiunguza kuni zao kwa ajili ya jani la mwenzao? Nimemtafuta mkosaji tangu jana na sijampata. Nikasema nitaufanyia jambo lingine. Akaketi chini, pale pale kwenye maji, akaweka kichwa magotini. Mtu niliyedhani hajali. Nilimshika bega.

Kutoka ndani Baba aliita, kwa vipande, akitaka kujua moto ulishikwa na nani. Wilbroad akaingia kumwambia. Nilimsikia Baba akitaja jina la Emilian, kisha la baba yake Emilian, akisema hata yule mzee alikuwa hivyohivyo. Alikuwa amefurahi kweli.

Ijumaa, 22 Machi

Mabani yote Ipole yamezimwa. Udongo upo, kostiki ipo.

Jumapili, 24 Machi

Nyekundu.

Jumatatu, 25 Machi

Hospitali wanampokea, wanampa oksijeni, kipimo hakipandi kama zamani. Yule daktari binti hakuniambia niwe tayari tena. Baba ameomba kurudi nyumbani na wamemruhusu. Safari hii huruma ya yule daktari niliihitaji.

Jumanne, 26 Machi

Uwesu ameshinda hapa na mashine, akifungua na kufunga. Jioni alifungasha vifaa vyake, akasahau kuaga.

Alhamisi, 28 Machi

Mchana, baada ya mvua. Baba mdogo amekwenda kutafuta maziwa. Nilikuwa nimekaa karibu na kitanda nikiitazama mashine, kama ninavyofanya kutwa. Baba alinigusa mkono.

"Izime hiyo," alisema.

Nikamwambia haiwezekani, ndiyo inayompa hewa.

Alipumzika kwanza, akakusanya nguvu. "Inanipa hewa ya dirishani, mwanangu. Tangu Jumapili najua." Akapumzika tena. "Niliiacha kwa sababu naona ukiitazama unatulia. Sasa nitazame mimi."

Nikaizima. Nikamtoa mpira puani, nikampaka mafuta pale ulipokwaruza ngozi. Amenishika kidole, kilekile nilichokuwa nakivalisha kipimo kujaribu kama kinafanya kazi. Ninaandika kwa mkono mmoja, daftari likiwa juu ya goti, kwa sababu sijui kingine cha kufanya na mkono huu.

Anavuta, anakaa, anaachia. Kila anapovuta nami navuta, kwa nguvu, bila kukusudia, mpaka kifua kinaniuma. Siwezi kumvutia hata pumzi moja.